Unguja au Pemba kwa Baiskeli: Chagua kwa Vilima, Upepo na Pa Kulala

Mtu akikata tiketi ya boti huku ameshika baiskeli, rafiki zake humwuliza anakwenda ufukwe gani. Ni swali zuri kwa anayekwenda kujilaza mchangani. Mwendesha baiskeli ana yake: barabara imekaaje, upepo unatoka wapi, na magharibi ikiingia atakuwa karibu na nyumba gani ya wageni. Ukivipima Unguja na Pemba kwa maswali hayo utaona ni safari mbili zisizofanana, ingawa kati ya visiwa hivyo pana kilomita 50 tu hivi za bahari.

Niseme mapema ninakoegemea. Kama una siku tatu au nne, au unasafiri na mtu asiyezoea baiskeli, nenda Unguja. Kama kinachokutoa nyumbani ni kule kuendesha kwenyewe, kona, kupanda na kushuka, kuachana na kijiji na kukutana na kingine, nenda Pemba. Mwenye wiki nzima aviunganishe vyote viwili, lakini kwa mpangilio ambao nitaueleza nikifika kwenye upepo, maana huko ndiko wengi wanakojitesa bure.

Ardhi ilivyokaa

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana wa kilomita 39 pale inapopanuka. Pemba ni 67 kwa 23. Kwenye ramani Pemba inaonekana ya kumalizwa kwa siku moja, kwa sababu kutoka bandari ya Mkoani upande wa kusini mpaka Ras Kigomasha kaskazini kabisa barabara haifiki kilomita 100. Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye hajaonana na vilima vyake.

Pemba haina mlima. Hakuna kilele cha kufika hata mita 150. Lakini kisiwa kimekatwakatwa na mabonde: unashuka kwenye bonde la mpunga, unavuka kijito, unapanda katikati ya mikarafuu, na kabla hujavuta pumzi vizuri barabara imeshateremka tena. Mambo yanaanza mara tu ukitoka melini, maana bandari ya Mkoani iko chini na mji wenyewe uko juu. Kilomita 30 na kitu za Mkoani hadi Chake Chake zinamaliza miguu kuliko zile karibu 50 za Mji Mkongwe hadi Paje. Ukipanga Pemba, hesabu saa, usihesabu kilomita. Kilomita 40 kwa siku zinatosha kabisa kwa mtu mwenye mizigo nyuma.

Unguja ni nusu mbili. Magharibi na katikati kuna udongo mzuri, minazi, miembe, migomba, na mwinuko wa kutajwa ni ule wa Masingini karibu na mji. Ukipita msitu wa Jozani kwenda mashariki au kusini unaingia ardhi ya maweni, jiwe la matumbawe lililo tambarare, vichaka vifupi na kivuli kidogo. Hapo baiskeli inateleza tu. Phoenix ya gia moja yenye keria ya chuma itakuzungusha Unguja yote bila malalamiko. Pemba nako wenyeji wanaendesha hizo hizo, ila kwenye mipando mikali hushuka wakasukuma, na wewe ukishuka hakuna atakayekucheka. Mwenye uwezo wa kuchagua achukue baiskeli yenye gia nyepesi ya kupandia na breki za kuaminika. Mteremko wa Pemba wenye mizigo huzijaribu breki kuliko mpando unavyomjaribu mwendeshaji.

Tofauti hii ni ya zamani sana. Unguja imekaa juu ya kina kifupi kinachoiunganisha na bara, na Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana Jozani utakutana na kima punju wakivuka barabara mbele ya gurudumu lako, ilhali Pemba hutawakuta kiasili, ila utakuta popo wakubwa wa Pemba na ndege kadhaa ambao hawapatikani penginepo duniani, akiwemo bundi mdogo wa msituni. Kwa mpenda ndege hilo peke yake linaweza kuamua.

Bahari huioni sana kama unavyodhani

Hili halisemwi kwenye matangazo. Hakuna kisiwa kati ya hivi viwili chenye barabara ndefu inayofuata bahari mkono kwa mkono. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi kupitia Jambiani, Paje na Bwejuu mpaka Michamvi, lami inakwenda sambamba na ufukwe, lakini katikati pana nyumba, kuta za hoteli na vichaka. Utaendesha kutwa huku bahari ukiisikia tu. Anayetaka kuiona ashuke mchangani maji yakitoka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali na kuacha mchanga mgumu unaobeba tairi vizuri, na kipande cha Paje kwenda Jambiani wakati huo ni furaha tupu. Siku za maji mafu usijisumbue. Na popote utakapoona kamba na vijiti vimepangwa majini, pita mbali: hayo ni mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara upande huu mwaka 1989, na wanawake wengi wa vijiji hivi ndiko wanakopatia riziki. Jioni mwagia cheni maji yasiyo na chumvi na uipake mafuta. Chumvi haisamehi.

Pemba bahari unaiona kwa kuchungulia. Unafika juu ya kilima, miti inaachana, na chini kabisa unaona mkono wa bahari umeingia ndani ya nchi, mikoko imeuzunguka, ngalawa mbili tatu zimelala kwenye tope. Halafu unateremka na yote yanapotea. Fukwe ndefu ziko mwisho wa safari, kaskazini, Vumawimbi zaidi ya kote, na huko mara nyingi utakuwa peke yako na wavuvi.

Kwa mandhari ya njiani mimi naipa Pemba ushindi, na sababu kubwa ni barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete. Ni kilomita 22 hivi, ina kona nyingi, na imepita katikati ya mashamba na vijiji. Msimu wa karafuu, katika nusu ya pili ya mwaka, majamvi yametandazwa mbele ya nyumba na harufu inakufuata kutoka kijiji hadi kijiji. Karafuu zikianikwa kando ya lami zikwepe, ni fedha ya mtu ile. Na usikubali kuuziwa gunia njiani hata kwa bei ya huruma: karafuu za Zanzibar mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu huku ni kesi.

Kaskazini zaidi, baada ya mji mdogo wa Konde, barabara inaingia msitu wa Ngezi, masalia ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Joto linashuka ghafla. Juu ni mivule, chini kuna mpapindi, mnazi-pori ambao asili yake ni Pemba. Ukitaka kuingia ndani ya msitu kwa miguu kuna kiingilio na mwongozaji. Kupita barabarani kwenda Makangale ni safari yako ya kawaida. Ukitokea upande wa pili, njia inakwenda mpaka mnara wa taa wa chuma wa Ras Kigomasha.

Unguja inajibu kwa historia iliyo karibu na barabara. Ukitoka mji kwenda kaskazini unapita magofu ya Maruhubi na Mtoni, kisha Bububu, na ukikunja kushoto unafika Mangapwani. Kusini, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Pemba nayo ina ngome ya mtawala wa kale, Mkame Ndume, huko Pujini, mchepuko mfupi kutoka Chake Chake, lakini panahitaji mtu wa kukuelezea, vinginevyo utaona kuta na majani.

Magari

Hapa hakuna ubishi. Barabara ya Mji kwenda Nungwi, karibu kilomita 60, ina mabasi ya watalii, malori ya kifusi na daladala zenye haraka, na bega la barabara sehemu nyingi ni jembamba. Ondoka baada ya sala ya alfajiri na uwe umeshapita Mahonda kabla mji haujaamka. Ya Paje ni afadhali, nayo inategemea saa. Pemba unaweza kuendesha muda mrefu ukipishana na baiskeli nyingi kuliko magari.

Kuna angalizo moja kwa visiwa vyote. Barabara ya Tunguu–Makunduchi upande wa Unguja na ya Chake Chake–Mkoani upande wa Pemba zimo katika mradi wa kujengwa upya miaka hii. Kipande kilicholimwa na greda hugeuka vumbi kiangazi na tope mvua ikinyesha. Muulize dereva wa daladala kabla ya kuondoka. Anaijua barabara ya leo kuliko ramani yoyote ya simu.

Kulala na kula

Unguja unaweza kwenda bila mpango. Jambiani, Paje, Bwejuu, Kiwengwa, Matemwe na Nungwi zote zina nyumba za wageni za kila mfuko, na jua likikukuta Pongwe au Uroa utapata kitanda. Bei ndiyo shida: ufukweni msimu wa wageni wengi inapaa, kwa hiyo tafuta upande wa kijijini, ng'ambo ya barabara.

Pemba vitanda vimejikusanya Mkoani, Chake Chake na Wete, halafu sehemu chache za kaskazini kuelekea Makangale, ambazo baadhi ni za bei kubwa. Katikati ya miji hiyo hakuna kitu. Ukichelewa kwa sababu ya pancha, itakubidi uombe lifti ya gari au ubishe hodi kwa sheha, kiongozi wa eneo. Watu ni wakarimu mno, lakini usipange safari kwa kutegemea ukarimu wa watu. Piga simu kabla, mwambie mwenye nyumba unakuja na baiskeli, naye atakuambia pa kuiweka.

Chakula cha mchana Pemba nacho kina saa zake. Asubuhi utapata chai, maandazi, chapati na mihogo. Jioni mjini kuna pweza, mishikaki, mkate wa ufuta na urojo. Mchana vijijini unaweza kukuta kibanda kimefungwa, kwa hiyo beba tende na ndizi. Madafu yako kila mahali, huku na kule. Unguja mashariki angalia maji: visima vya maweni vingi vina chumvi, na jua la pale halina kivuli. Jaza chupa zote kabla ya kuipita Jozani.

Mwezi wa Ramadhani ubebe uzito kwenye kalenda yako. Mwaka 2026 na 2027 unaanza Februari, yaani katikati ya msimu wa upepo wa kaskazi, wakati ambao kwa hali ya hewa ungekuwa mzuri. Unguja hoteli za ufukweni zitakuhudumia mchana. Pemba mchana karibu kila kitu kimefungwa, na kula au kunywa barabarani mbele ya waliofunga hakufai. Kwa asiyefunga, Pemba ya Ramadhani ni ngumu kwa baiskeli. Aliyefunga anajua mwenyewe kama ataweza vile vilima bila maji.

Mavazi ni hivyo hivyo kote, ila Pemba wanaangalia zaidi. Bukta ya kubana ya baiskeli ivae, lakini kuwe na suruali pana au kikoi cha kuvaa juu yake ukiingia kijijini. Salamu huwa kabla ya swali: sabalkheri, shikamoo kwa mtu mzima, ndipo uulize njia. Ukiuliza njia kwanza utajibiwa, lakini kwa ufupi.

Fundi na vipuri

Wapemba wanaendesha baiskeli kweli, kwenda shamba, kwenda sokoni, na mzigo wa nazi au wa nyasi nyuma, na kwa hiyo fundi hakosekani chini ya mwembe. Ataziba pancha, atanyoosha rimu, atafunga spoku. Asichokuwa nacho ni vipuri vya baiskeli za kisasa: tyubu za vali nyembamba, pedi za breki za diski, cheni ya gia kumi. Vya namna hiyo nunua Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuvuka. Darajani mjini Unguja utapata tairi na tyubu za kawaida. Kwa hili visiwa vyote viwili ni sawasawa.

Kuvuka

Kati ya Dar es Salaam na Unguja boti zipo mara kadhaa kwa siku, na baiskeli hulipiwa kama mzigo. Patana na mchukuzi kabla hajaigusa. Meli za Unguja–Pemba hazina wingi huo. Kwanza tafuta siku za meli, ndipo uzihesabu siku za baiskeli katikati yake. Wanaofanya kinyume hujikuta Mkoani wakisubiri. Ndege ndogo zinatua Chake Chake, lakini mizigo yao kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na baiskeli ndefu haiingii kirahisi kwenye mlango wa Cessna.

Safari ikiahirishwa kwa hali ya bahari, usinune. Mkondo wa Nungwi ni mkali. Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa imejaza kupita kiasi, ilizama huko usiku ikielekea Pemba, na hakuna mji wa Pemba usiokuwa na familia iliyopoteza mtu.

Na Mafia? Nimeulizwa mara nyingi. Mafia ni nzuri kwa papa potwe, kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari, lakini kwa safari ndefu ya baiskeli haitoshi peke yake. Lami ya Kilindoni–Utende ni fupi, na upande wa kaskazini mchanga unameza tairi nyembamba. Tena hakuna meli ya kawaida kutoka Unguja: lazima urudi bara, ushuke mpaka Nyamisati, uvuke tena. Iweke kando kama safari nyingine.

Upepo ndio upange njia

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ukitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Februari na mapema Machi, ukitoka kaskazini-mashariki. Masika, mwisho wa Machi mpaka Mei, acha kabisa, hasa Pemba, inayopata mvua nyingi kuliko Unguja. Vuli ya Oktoba na Novemba inavumilika: mvua inapiga, inakata, unaendelea. Miezi mizuri kuliko yote ni Juni hadi Septemba. Hewa imepoa, barabara kavu, na ukipita Julai unaweza kuukuta Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huko Makunduchi.

Sasa visiwa hivi vimelala kusini–kaskazini, na Mkoani iko kusini mwa Pemba. Kwa hiyo msimu wa kusi mpangilio unajipanga wenyewe. Toka mjini kwenda Jozani, lala Makunduchi au Jambiani, panda na pwani mpaka Michamvi upepo ukikusukuma mgongoni. Michamvi patana na mwenye boti akuvushe ghuba hadi Chwaka maji yakijaa, maana yakitoka ghuba lile ni tope na mikoko. Asiyetaka boti azunguke kwa nyuma kupitia Jozani. Kisha Uroa, Pongwe, Kiwengwa, Matemwe, Nungwi. Usirudi mjini kwa baiskeli dhidi ya upepo kwenye barabara ile ya malori: ipandishe juu ya daladala namba 116. Mjini panda meli, shuka Mkoani, na kutoka hapo ni kaskazini tu, Chake Chake, Wete, Konde, Ngezi, mpaka mnara wa taa.

Msimu wa kaskazi geuza. Shuka Mkoani, panda gari 603 mpaka Chake Chake na 602 mpaka Konde, baiskeli juu, anzia Ras Kigomasha na ushuke kusini mpaka bandarini. Ukirudi Unguja, daladala mpaka Nungwi, na kutoka hapo pwani ya mashariki yote iko mbele yako, na Makunduchi ndio mwisho. Siku hiyo ya magari usiione ni hasara. Kaskazi ya Januari ikiwa usoni mwako kuanzia Mkoani, utaitamani hiyo 603 kabla hujafika Chake Chake.

Mwenye siku nne tu wakati wa kaskazi, ambaye hata hivyo ameamua ni Pemba, azigawe hivi: moja ya magari na kulala kaskazini, moja ya Kigomasha na Ngezi hadi Wete, moja ya barabara ya zamani hadi Chake Chake na mchepuko wa Pujini kama miguu ingalipo, na ya mwisho hadi Mkoani. Alale Mkoani usiku wa kuamkia meli.